Donge Chini ya Fundo la Mbeleko

Vumbi la Ipogolo, vumbi jekundu la malori ya kupanda Iringa mjini, halikuwa na adabu kiangazi kile. Liliingia bila hodi, likalala kitandani, likalala kwenye kope. Rukia alilitazama akaona udongo wa kaburi. Ya Rabi, udongo wa kaburi tu!

Sababu ni donge. Donge begani, pale pale linapokaa fundo la mbeleko, laini kama unga uliokandwa, likiteleza chini ya kidole. Wala haliumi. Haliumi! Hilo ndilo lililomtia kiwewe. La mama yake, lile la titi, nalo lilianza kimya hivyo hivyo, na Mbeya walimzika kabaki mifupa. Saratani, walisema, wakishusha sauti.

Rukia akaogopa. Aliogopa akichambua mchele, aliogopa akisujudu, na akimnyonyesha Bibie, mwanawe ambaye hata kusimama hajaanza, aliogopa kupita kiasi. Je, kama ugonjwa unashuka na maziwa? Hakumuuliza mtu. Alijipaka utomvu mchungu wa shubiri kwenye chuchu, akampa mtoto. Bibie akakunja uso, akalia. Akalia mtoto, akalia mama.

"Mama Bibie, mbona wamwachisha mapema hivi, kulikoni?" akauliza Makame, mumewe.

Rukia akafunua bega.

Makame akafunga duka mchana kweupe. Mbeleko akajifunga mwenyewe, mwanamume mzima, mtoto mgongoni, wakapanda mlimani hospitalini. Watu walitazama mpaka wakachoka.

Sindano ya ganzi. Kisu. Rukia akafumba macho, akapiga shahada. Kisha Fanueli, dresa aliyemsaidia daktari, akamwonyesha bakuli: kitu cha manjano, kama mafuta ya kuku.

"Mafuta tu, dada. Yamejikusanya. Daktari anasema siyo saratani. Nenda kanyonyeshe."

Alicheka, alilia, aliteremka mlima karibu akimbie. Kando ya barabara akaketi, akajiosha kifua, akampokea Bibie mgongoni mwa Makame, akamsogeza. Bibie akageuza uso. Bado anakumbuka! Hapo Rukia akaogopa kuliko alivyokiogopa kisu.

"Pokea, mama. Pokea, mwanangu, nilikosa."

Lori likapita. Vumbi likawafunika wote, jekundu, likatua kwenye bandeji, likatua kwenye titi. Bibie akapiga chafya. Akatoa ulimi, akalionja vumbi, akangoja uchungu. Uchungu haukuja. Akanyonya.

Vumbi likalala kwenye kope za mtoto, na Rukia hakulipangusa.