Mlango wa Tela

Gwe Aliko, umeniuliza kwa nini nafungua mlango wa tela kila ninaposimama, hata likiwa tupu. Najua wenzako wananicheka. Wanasema mzee Ambilikile ameficha mke humo ndani. Waache wacheke, meno ni yao. Kuanzia Jumatatu tela hili ni lako na pikapu ni yako, mimi narudi Bujonde kwenye mpunga wangu. Kwa hiyo nitakueleza leo, mara moja, na nikimaliza usiniulize tena.

Tuanze na kinachovuta. Bwana Mawe, huyu Mzungu wetu, akikwambia uvute tela kwa ile Landrova yake fupi, mwambie hapana, Bwana. Akinuna, mwache anune, kununa hakuui mtu. Gari la kuvuta liwe refu na zito kuliko kinachovutwa, la sivyo mteremkoni tela ndilo litakalokuamulia njia. Hii pikapu nimeiongezea springi nyuma kwa mikono yangu, jani moja kila upande. Usimruhusu fundi yeyote wa Kyela aziguse.

Sasa njoo hapa kwenye kichwa cha tela, hapa panapokalia tufe la chuma. Kiinue. Kiinue, bwana, mbona unakigusa kama unamgusa mkweo! Ukikiinua kwa mkono mmoja ujue mzigo umekaa nyuma mno. Kikikulemea mpaka ukatamani kumwita mwenzako, hapo sawa. Vitu vizito vikae mbele ya ekseli, tena sakafuni. Vikihamia nyuma, tela linanyanyua matako ya gari lako, tairi za nyuma zinakosa uzito, na kwenye matope yetu haya zitazunguka bure. Hapo umeshika usukani kama unavyoshika Biblia ambayo hujui kuisoma.

Minyororo ni miwili, ipishane chini ya kichwa. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla tairi hazijapata moto. Gia ndogo ingiza kabla ya kilima, si katikati ya kilima. Hayo hata mjinga anajifunza.

Kamba ndiyo nataka uisikilize vizuri. Kamba ya katani ukiifunga ikiwa imelowa, inakaza, unaridhika. Ikikauka inalegea. Kwa hiyo ukifunga mzigo siku ya mvua, nenda maili tano, simama, ingia ndani ya tela, kaza upya. Nimelijua hilo tangu vitani, nilipoendesha lori la jeshi. Nakwambia nililijua, usije ukafikiri nilikosea kwa kutojua.

Mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa pili, ilikuja barua kutoka migodini huko Kusini. Mwanangu Sadoki alikuwa ameangukiwa na mwamba. Sikuwa na mwingine. Mama yake alikwishatangulia miaka mingi. Barua ilikuja na furushi lenye shati mbili na mswaki, basi. Watu walikuja kulia, wanawake walijitupa chini, mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama ule mswaki. Sikulia. Watu walisema mzee ana moyo wa chuma. Uongo. Umewahi kulalia mkono usiku kucha, asubuhi ukaushika ukadhani ni wa mtu mwingine? Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nilikula nikiambiwa kula. Kazini nilikwenda kwa sababu miguu ilizoea njia.

Sadoki alikuwa ameacha mke, Angetile, na Angetile alikuwa na mimba. Basi, tumbo lile ndilo lilikuwa Sadoki aliyebaki. Ukoo mzima ulilitazama. Mimi sikulitazama, kwa sababu unajua mila yetu. Mke wa mwanao hakuoni, na wewe humuoni. Ukipita njiani anaingia migombani. Jina lako halitaji, sauti yake huisikii. Mchungaji wetu alihubiri kanisani kwamba mambo hayo tuyaache, wote tukasema amina, kisha tukarudi nyumbani wakwe wakaendelea kukimbia. Miaka miwili aliishi hatua mia kutoka kwangu, na uso wake nilikuwa siujui. Nilimjua kwa mlio wa mchi wake, na kwa kikohozi. Kila jioni chakula nilikikuta mlangoni kwangu, kimefunikwa kwa jani la mgomba, na aliyekileta ameshaondoka. Ndiyo heshima. Alinipenda hivyo, na mimi nilimpenda hivyo.

Mwezi wa nne mkunga akasema mtoto amelala mshazari, mama apelekwe Tukuyu akakae karibu na hospitali kabla siku hazijatimia. Dada yangu Neli anaishi Tukuyu, angempokea. Na Bwana Mawe, aliyekuwa amepiga kambi Katumba Songwe akichimbachimba mawe yake, alikuwa anataka tela na masanduku ya mawe yapandishwe Tukuyu juma hilohilo. Nikamwomba. Akafikiri, akasema mtu mmoja tu, asiguse kitu. Nikasema ndaga fijo, asante sana, Bwana.

Asubuhi ya safari mvua ilinyesha, ile ya kwetu ambayo huulizi itaisha lini. Nikapakia masanduku kumi na mawili ya mawe, yote mbele, yote chini, nikayafunga kwa kamba iliyolowa mpaka inatiririka maji. Ilikaza ajabu. Nikainua kichwa cha tela, kikanilemea vizuri. Kitanda anacholalia Bwana safarini kiko nyuma, hapo ndipo angelala. Nikaenda Bujonde.

Pale Bujonde nilisimamisha gari barabarani, nikakaa kwenye usukani nikitazama mbele. Hata kioo cha pembeni nilikigeuza. Nilisikia wanawake wakimsindikiza, wakimwambia akae salama, nikasikia mlango wa tela ukifungwa. Mmoja akagonga ubavu wa gari kuniambia twende. Tukaenda.

Tulipopita Kyela mvua ikakatika, jua likatoka kali, bati la tela likaanza kufuka mvuke. Mle ndani kulikuwa kama tanuri, bila shaka. Maili tano zikafika. Nikasimama.

Nikateremka, nikapima tairi kwa teke, nikatazama minyororo, nikashika pini ya kichwa. Nikazunguka hadi kwenye mlango. Na hapo nikasimama kama mbuzi mbele ya mto. Kamba iko ndani. Angetile yuko ndani. Nikifungua, nitamkuta amejilaza na tumbo lake, miguu wazi kwa joto, na mimi baba mkwe wake nasimama mlangoni namtazama. Nani angeniosha aibu hiyo? Yeye angejificha wapi, katika chumba cha hatua tatu? Nikasema moyoni, nilikaza sana, itashika. Nikarudi kwenye usukani. Hata hofu sikuiona. Sikuona kitu chochote siku zile.

Kilima kikaanza. Niliingiza gia ndogo mapema, kama ninavyokwambia wewe. Udongo juu ulikuwa umekauka, chini bado uji. Nilipofika kama nusu nikasikia usukani umekuwa mwepesi mkononi. Aliko, usukani ukiwa mwepesi mlimani, si raha hiyo. Pikapu imenyanyuliwa nyuma.

Kisha nikasikia kugongwa. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, polepole, kwenye ubao wa mbele wa tela, upande wangu.

Nikasimama. Nikaweka kabari nyuma ya tairi, nikaenda tena kwenye mlango. Nikakohoa, ajue nipo. Nikakohoa tena. Ningeweza kuuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Maneno matatu. Lakini nikimuuliza ninamlazimisha anijibu, na mke wa mtu hamjibu baba wa mumewe, hata mume akiwa kaburini, tena hasa akiwa kaburini. Nilitazama juu na chini ya barabara nione kama kuna mwanamke yeyote apitaye, nimtume amuulize. Hakukuwa na mtu. Migomba tu. Nilimsikia anapumua upande wa pili wa ubao. Tulikuwa tumesimama hivyo, yeye huku na mimi kule, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Nikajiambia huenda amejigonga akijigeuza. Huenda kitu kimeanguka. Nikatoa kabari, tukaendelea.

Kwenye kona iliyofuata tairi zikaanza kuzunguka bure. Nikashika breki, lakini breki ya gari lisilokanyaga chini ni breki ya nini? Tela likaturudisha nyuma, taratibu, wala si kwa kishindo. Nilikuwa natazama kingo za barabara zikipita kuelekea mbele. Likaingia mtaroni, likalala ubavu, mnyororo ukashika, pikapu ikabaki barabarani. Nakumbuka nilizima injini na kuvuta breki ya mkono, sawasawa kabisa, kama niko kambini.

Mlango ulikuwa umeelekea juu. Safari hii niliufungua. Masanduku yote yalikuwa nyuma. Yalianza kuteleza moja moja tangu chini ya kilima, kamba imelegea kama mshipi wa mlevi, naye akaogopa, akaenda mbele kunigongea, kisha akarudi kujaribu kuyazuia kwa mgongo wake. Sasa yalikuwa yamembana kwenye kitanda, mawili juu ya tumbo. Mkono mmoja ulikuwa huru. Unajua alikuwa anaufanyia nini? Alikuwa amevuta kanga kufunika uso wake, nisimwone.

Na mimi, Aliko, mimi mzee mzima, nikageuza uso. Niliondoa masanduku yale kwa kupapasa, nimetazama mlangoni, nikitafuta kona za mbao kwa vidole, nikikwepa kumgusa. Kazi ya dakika mbili ikawa ya robo saa. Alikuwa anauma kanga asitoe sauti. Mama we! Hata sasa nikisimulia nasikia maneno tu yanatoka, kifua hakijui kinachosemwa.

Baadaye wanawake wakatokea wanapeleka ndizi sokoni, wakanisukuma kando wakapiga kelele, wakafanya yote kwa dakika moja. Lori la mbao likamchukua hadi hospitali. Walimpokea vizuri, walifanya walichoweza. Mtoto alizaliwa usiku ule, wa kiume, hakulia. Tulimzika Bujonde karibu na bibi yake. Nilishika jembe mimi mwenyewe, kaburi lilikuwa dogo, halikunichosha. Watu wakasema tena mzee ana moyo wa chuma.

Bwana Mawe alikata mshahara wangu wa mwezi kwa ajili ya bati lililobonyea. Nikasema ndiyo, Bwana. Tela likanyooshwa, ndilo hili. Pitisha mkono hapa ubavuni, utasikia palipopinda.

Angetile alipona. Alirudi kwenye nyumba yake, mchi ukaanza tena kusikika, na jioni chakula nikakikuta mlangoni kwangu, kimefunikwa kwa jani. Niliposhindwa kula nilikitupa kwa kuku, kisha nikaogopa ataona kuku wanakula, nikaanza kukifukia. Miezi mitatu tuliishi hivyo. Halafu ndugu zake wakaja kumchukua. Walikuwa na haki. Mume hayupo, mtoto hayupo, angekaa kwetu kwa lipi?

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekaa ndani, mlango wazi, nikisubiri wapite ndipo nitoke. Kivuli kikaingia mlangoni. Nikadhani ni kaka yake amekuja kuaga. Nikainua macho. Alikuwa ni yeye, kanga ipo mabegani, uso wazi kabisa. Uso wa kawaida, Aliko. Msichana tu, ana kovu dogo kwenye nyusi. Nilitaka kugeuka ukutani, shingo ikakataa.

Akasema, "Tata, niligonga."

Sauti yake sikuwahi kuisikia. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia ni mila, ningeweza kumwambia ni mvua, ni kamba, ni Mzungu na mawe yake. Alikuwa amesimama palepale, anangoja.

Nikamwambia, "Nilisikia."