Upepo wa Kiseveni

Ulimi hauna mfupa, na wa Injinia Wathome ulikuwa laini kupita kiasi. Siku alipopanda kilima cha Kiseveni, juu ya Kangundo, kuwaeleza watu habari za mlingoti ambao ofisi yake ingeusimika pale, alitaka kuwafurahisha kwa Kikamba. Kikamba chenyewe kilikuwa cha Mumbuni, mjini Machakos, cha kununulia nyanya na kusalimia shangazi. Akasimama mbele ya baraza, akapanua mikono na kusema, "Tukakwata kiseve kyenyu." Yaani, tutaukamata upepo wenu. Watu wakapiga makofi, kwa sababu alikuwa mtoto wa nyumbani na alikuja na gari la serikali.

Alichopaswa kusema ni kuthima, kupima. Mlingoti ule haukukamata kitu. Ulikuwa chuma chembamba, kirefu kuliko mikaratusi yote ya kilima, umeshikiliwa na nyaya kila upande, na kule juu vikombe vidogo vilizunguka vikihesabu mbio za upepo. Serikali ilikuwa inapanga umeme wa nchi nzima kwa miaka ishirini ijayo. Mabwawa ya Mto Tana, yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko mitambo mingine yote, yalishuka kila ukame ulipokuja, na yakishuka taa zinakatwa kwa zamu na dizeli inachomwa usiku na mchana. Wathome na wenzake walizunguka nchi wakitafuta vilima vyenye upepo wa kusaidiana na maji. Kilima kitakachofaa kingeingia kwenye mpango wa taifa, kisha mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme yangefuata.

Hayo yote aliyaeleza pia, kwa Kiswahili kizuri, lakini hakuna aliyeyabeba hadi nyumbani. Walibeba lile neno moja.

Mwaka uliofuata, 2005, mvua ya vuli ikakosa. Watu walipanda wakangoja, mahindi yakachungulia na kukauka. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Yatta, yakafika juu ya Kiseveni, yakatawanyika mbele ya macho ya watu. Hapo mtu mmoja sokoni Tala akakumbuka. Mvua inaletwa na nini? Na upepo. Upepo uko wapi? Umekamatwa, si injinia mwenyewe alisema? Umefungwa kwa nyaya shambani kwa Kamene.

Kamene alikuwa mjane asiye na mtoto, na shamba lake ndilo lililokuwa kileleni. Alikubali mlingoti kwa sababu Wathome alimwomba kwa heshima, akimwita mwaitu, mama yangu, na kwa sababu nyumba isiyo na watoto hupenda kuwa na kitu kinachosimama karibu nayo. Shemeji yake Ndunda alikuwa akilitamani shamba hilo tangu mazishi ya kaka yake. Huyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili nani amefunga mvua.

Kamene akaazima simu dukani. "Wathome, kuja," alisema, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Wamekata waya moja. Wanasema mimi niko na mvua kwa nyumba."

Wathome aliwasha gari. Alijua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Ng'ambo ya kilima, mwaka mmoja nyuma, ajuza mmoja alisingiziwa uoi, uchawi, akateketea ndani ya nyumba yake, na hadi leo hakuna aliyeona moshi. Akampigia chifu. Chifu akasema yuko Machakos kwenye mkutano wa maana sana, na nyuma ya sauti yake kuku walikuwa wanalia.

Alifika jua likiwa utosini. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Kamene, na wengi wao aliwajua, watu wa kanisa wanaokaa viti vya mbele Jumapili. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa maana watu wanaopiga kelele bado wanataka kusikilizwa. Ndunda alikuwa amekaa mlangoni pa shemeji yake juu ya mtungi wa plastiki, na harufu ya petroli ilijaa uani. Kamene alikuwa ndani. Wathome aliona macho yake kwenye ufa wa dirisha.

"Wazee wangu," alianza, "hii chuma inapima tu. Ni kama vile daktari anakupima joto. Hakushikii joto yako."

"Wewe ulisema mtaikamata," mtu akajibu. "Ulisema na Kikamba. Hatukuota."

"Nilikosea neno."

"Wewe msomi?" Wakatazamana. Afadhali angesema lolote lingine. Msomi mzima, mwenye gari la serikali, hawezi kukosea neno la mama yake, basi anaficha.

Ndipo mzee Nzioka alipopita mbele. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la suti lililochakaa viwikoni, na alizungumza polepole kama mtu anayeuliza njia. "Tusichome mtu," alisema. "Petroli haijui mkweli na mwongo. Kithitu inajua." Umati ukarudi nyuma hatua nzima, wote kwa pamoja, hata Ndunda akainuka kwenye mtungi wake.

Mkamba hahitaji kuelezwa kithitu ni nini, na asiye Mkamba atosheke na hili: ni kiapo, na ni kitu chenyewe kinachoapiwa, kimefungwa ndani ya ngozi, hakiingizwi nyumbani na hakiguswi kwa mkono. Anayekiapia uongo hafi peke yake. Kinaanza na wadogo wa nyumba yake, kinamwacha yeye mwisho ili aone.

"Kamene akule kiapo?" mtu akauliza.

"Kamene hana wa kukufa," akasema Nzioka. "Kiapo ya mtu hana nyumba ni maneno tu. Huyu kijana ako na bibi. Nasikia ako na mimba."

Loise, mke wa Wathome, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hizo mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka. Nani aliwaambia watu hawa? Shangazi zake, bila shaka. Kangundo haina siri. Alijikumbusha kwamba yeye ni mhandisi, kwamba anaimba kwaya, kwamba ngozi na vijiti haviwezi kusimamisha moyo wa mtoto aliye tumboni kule Mumbuni. Aliyajua hayo yote na bado akaificha mikono mifukoni.

Kitu kikaletwa kwa fimbo ndefu na kuwekwa juu ya mawe, chini kabisa ya mlingoti. "Upepo unatoka wapi?" Nzioka akauliza, maana hakuna anayesimama upande ambao upepo unaelekea kutoka kwenye kithitu. Wathome akainua uso akatazama kishale cha juu ya mlingoti, kinachoonyesha upepo unakotoka. "Mashariki," akasema. Watu wote wakahamia mashariki haraka haraka, wakisukumana. Katika miezi yote ambayo chombo kile kilisimama Kiseveni, hiyo ndiyo mara pekee wenyeji walipokitumia.

Akapewa kijiti. Nzioka alisema maneno, na Wathome akayafuata huku akigonga ngozi. Kama niliukamata upepo wa Kiseveni, kithitu kinile mimi na nyumba yangu. Hilo lilikuwa kweli, akaligonga bila shida. Kisha mzee akaongeza, kwa sauti ileile ya kuuliza njia: ama nikiukamata kesho, ama nikiwaonyesha wengine mahali pa kuukamata.

Kijiti kikasimama hewani. Kuwaonyesha wengine mahali pa kuukamata ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ndiyo aliyosomea, ndiyo iliyomlisha.

"Mbona unanyamaza?" Ndunda akauliza, na mkono wake ukarudi kwenye mtungi. Dirishani macho ya Kamene hayakupepesa. Hakuomba, hakulia; alikuwa anamwangalia tu, kama mama anavyomwangalia mtoto anayevuka barabara.

Wathome akaapa. Alisema yote, hadi neno "nyumba yangu", na kijiti kikagonga. Watu wakatawanyika wakizungumzia mbegu. Kamene alifungua mlango, akakaa kizingitini. "Ni wema, mwana wakwa, mwanangu," alimwambia. "Sasa Mungu akulindie yule mdogo." Akitamka hivyo, naye aliogopa. Wathome alimwona akiogopa.

Kabla wiki haijaisha, mvua ikanyesha. Haikuwa ya kujaza mabwawa, lakini ilitosha kulowesha Kiseveni na kuwaondolea watu shaka. Kangundo nzima ilisema kithitu kimefanya kazi. Kamene alipiga simu kwa furaha kumwambia kuwa Ndunda amemletea mbuzi wa kuomba msamaha, na Wathome alipokea habari hiyo akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, jasho likimtoka. Maana kama kitu kile kilikuwa na nguvu ya kufungua mawingu, kilikuwa na nguvu ya mengine pia. Angefurahi sana kama jua lingeendelea kuwaka.

Hakumwambia Loise. Alimwangalia tu. Alihesabu vikombe vyake vya uji, alishtuka kila Loise aliposhika kiuno, alimkataza kupanda ngazi, kufua, kwenda sokoni. Muuguzi wa kliniki alisema presha ya Loise imepanda kidogo, apumzike, jambo la kawaida. Loise akacheka. Wathome alitoka nje akaegemea ukuta wa kliniki na kutapika.

Mwezi wa nne ukafika, na pamoja nao mkutano wa Nairobi wa kukamilisha mpango. Loise alikuwa karibu kujifungua. Mezani alikaa mkurugenzi, Daktari Muindi, mzaliwa wa Kangundo aliyesoma Ulaya hadi akachoka, na Jeff, mchumi kijana wa Nairobi asiyejua Kikamba hata cha kuombea maji. Ramani ya nchi ilitandazwa mbele yao, mabwawa kwa buluu, dizeli kwa nyekundu, upepo kwa kijani.

"Kiseveni," Muindi akasema, na akatabasamu kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. "Upepo mzuri kuliko wa vilima vyetu vyote. Na angalieni hapa: unavuma kwa nguvu ukame unapozidi, wakati ule ule mabwawa yanaposhuka. Hatungeweza kuomba kitu bora. Hongera, Wathome."

"Barabara ni mbaya," akasema Wathome.

"Itachongwa."

"Laini ya umeme iliyopo haitabeba mzigo huo. Upepo ukikatika ghafla, mfumo mzima utayumba."

"Tutajenga laini. Na maji ndiyo yatakayoziba pengo, si tumepiga hesabu hizo pamoja?" Muindi alimtazama vizuri. "Una nini leo? Hiki ni kilima chako."

Wathome alitafuta sababu nyingine na hakuipata. Aliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Mkono wa Muindi utaweka alama ya kijani juu ya Kiseveni, yeye ataulizwa mapangaboi yasimame wapi, na ataonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Aibu ilikuwa kubwa, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, ikamfungua mdomo.

"Niliapa, Daktari. Walitaka kumchoma yule mama. Niliapa kwamba sitaonyesha mtu mahali pa kuukamata ule upepo."

Jeff akaanza kutabasamu. Wathome akamgeukia kwa shukrani, karibu amshike mkono. Cheka, alikuwa anamwomba moyoni. Tangu siku ile chini ya mlingoti alikuwa akingojea mtu mmoja mwenye akili zake, mtu wa vitabu na hesabu, amcheke hadi machozi, amwite mshamba, ampige bega, ili naye apate kucheka na hofu imtoke. Na hapa ndipo mahali pake, mbele ya Daktari Muindi. Akageuza macho kwa mkurugenzi na kungoja.

Muindi hakucheka. Aliweka kalamu mezani polepole sana.

"Ulikula kithitu?" aliuliza, kwa Kikamba.

"Ndiyo."

"Ulitaja nyumba?"

"Nilitaja."

"Loise amefika wapi?"

"Mwezi wa tisa."

Tabasamu la Jeff likafa, ingawa hakuwa ameelewa neno hata moja. Aliona nyuso zao tu. Muindi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Akavuta ramani upande wake, akachukua kalamu nyekundu, na mahali pa Kiseveni akachora alama ya dizeli.

"Jeff, andika upepo hautoshi," akasema.

"Lakini, Daktari, takwimu zina—"

"Andika hautoshi."

Jeff akaandika. Wakahamia kilima kilichofuata, na Wathome akafungua faili lake pamoja na wengine, lakini herufi hazikusomeka. Alikuwa anawaza iwapo Loise angesikia simu kama angempigia saa hiyo, na iwapo bado angeweza kuipokea.