Mdomoni mwa Kisima

Marsiana alizaliwa Ufipa, kwenye kijiji cha wakulima wa mahindi na ulezi karibu na Laela. Aliposema anakwenda Dar es Salaam kusomea uafisa wa meli, majirani walicheka. Alikwenda. Alijifunza kusoma ramani za bahari, kufunga meli gatini na kushusha boti za kuokolea watu, na mwishoni akachukua mafunzo ya meli za mafuta.

Mkufunzi wake huko alikuwa Kapteni Ngeleja, mtu wa sauti ya chini. Siku moja aliwapeleka wanafunzi kwenye tangi kuukuu la mazoezi, akawaonyesha sanamu ya mtu iliyolala chini kabisa. "Huyo ni mwenzenu," alisema. "Ameanguka sasa hivi."

Marsiana alikuwa wa kwanza kuteremka ngazi. Ngeleja alimwacha afike chini, ndipo akawageukia wengine. "Sasa wamekufa wawili."

Kisha akawaeleza kwamba hewa ya mahali palipofungika inaweza kuua bila kuonekana wala kunusika, na kwamba wengi wanaofia humo ni wale walioingia kuokoa. Asiye na mtungi wa hewa mgongoni haingii, awaye yote aliye chini.

Alipomaliza mafunzo, Marsiana alirudi nyumbani kusubiri kupangiwa meli. Ilikuwa kiangazi, baridi ya asubuhi bado kali, na kisima cha nyumbani kilikuwa kimebaki na maji machache juu ya tope. Mdogo wake Calvin aliamua kukichimba zaidi. Yeye na rafiki yake Fabiani waliazima pampu ya petroli ili wayatoe kwanza yale maji. Bomba lilikuwa fupi, kwa hiyo waliishusha pampu yenyewe ndani, wakaiweka kwenye ukingo wa udongo katikati ya kisima, wakaiwasha.

Marsiana alikuwa ameenda sokoni Laela na mama yake, Bertilla. Waliporudi walikuta pampu imezimika na watu wanakimbilia kisimani. Calvin alikuwa ameteremka na jembe, akaanguka. Fabiani alimfuata akaishia kwenye ule ukingo, amelala kifudifudi kando ya pampu. Baba yake Marsiana, mzee Rafaeli, alikuwa amekwisha kuvua koti na mguu mmoja uko kwenye ngazi.

Marsiana alitupa kikapu, akamkumbatia kiunoni kwa nyuma.

"Baba, usishuke. Humo kuna moshi wa injini. Ukifika chini na wewe utaanguka."

"Niachie. Mwanangu yuko hai, namsikia."

Ni kweli, walimsikia wote. Kutoka chini ulikuwa ukipanda mkoromo mzito, kama wa mtu aliyechoka sana.

"Gaudensi, nisaidie kumshika," Marsiana alimwambia kaka wa Fabiani.

"Na mdogo wangu mimi?"

"Tutamtoa tukiwa huku juu. Lete ile kulabu ya kuopolea ndoo."

Vijana wawili walimshika mzee. Marsiana aliagiza mtu awapigie simu Zimamoto Sumbawanga na mwingine apande pikipiki hadi barabarani akawaongoze. Aliwapa wanawake mablanketi wayashushe na kuyapandisha kwa kamba ili kuisukuma hewa. Kisha yeye na Gaudensi wakateremsha kulabu. Ilinasa mkanda wa Fabiani. Walimvuta, wakamlaza kwenye majani, Marsiana akampulizia pumzi mdomoni mpaka akakohoa.

Walirudisha kulabu chini. Ilishika shati la Calvin, shati likachanika. Wakairudisha tena. Ikachomoka. Bertilla alikuwa amepiga magoti mdomoni mwa kisima akiita jina la mwanawe.

"Marsiana," alisema, "mruhusu baba yako."

"Hapana, mama."

"Anapumua. Mruhusu."

Marsiana aliendelea kuteremsha kamba, na mikono yake ilikuwa imechubuka. Mkoromo ukapungua, ukawa wa mara moja moja, halafu hawakuusikia tena. Hapo ndipo mzee Rafaeli alipoacha kushindana na wale vijana, akakaa chini.

Zimamoto walifika na mitungi yao ya hewa jua likiwa limeinama. Walimtoa Calvin.

Wakati wa msiba Fabiani aliletwa akiwa ameshikiliwa mabegani. Mama yake alimkumbatia Marsiana akamshukuru huku analia. Bertilla aliona. Baada ya rozari alisema mbele ya kina mama, bila kupaza sauti, "Mtoto wa mwenzangu alimtoa. Wa kwangu alimsikiliza mpaka akanyamaza." Tangu siku hiyo hakula chakula alichopika binti yake.

Meli ilipopatikana, ni baba aliyemsindikiza Marsiana kituoni Laela. Walisimama kando ya magunia ya mahindi yaliyokuwa yakisubiri lori.

"Baba, nawe unaona nilikosea?"

Mzee aliliweka begi chini.

"Ningekufa," alisema. "Yule wa Zimamoto alinieleza vizuri, nikamwelewa. Mama yako naye ameelewa. Lakini kuelewa hakumsaidii kitu."

"Na wewe?"

"Mimi kuna asubuhi naamka nikishukuru kwamba ulinishika. Asubuhi nyingine naamka nikitamani mikono yako ingeteleza." Alimtazama. "Sikudanganyi, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

Marsiana aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nikifika nimpigie mama?"

"Nipigie mimi kwanza. Akitaka, nitampa simu."

Basi la Tunduma likasimama. Mzee alimwinulia begi, akamsaidia kupanda, akamwambia akae upande usio na jua. Kisha akashuka, akaanza kutembea kurudi nyumbani kabla basi halijaondoka.