Zulia la Kijani Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1975 mume wangu Nehemiah alirudi nyumbani na zulia la nyasi za plastiki limefungwa juu ya gari, meno yote nje. Mwamerika mmoja aliyekuwa akihama kurudi kwao ndiye aliyemwachia. Nehemiah alikuwa ameingia klabu ya gofu ya mjini, na sasa alitaka kiwanja chake cha kufanyia mazoezi ya kutia mpira shimoni, nyuma ya nyumba yetu hapa Nyanchwa, palepale nilipotaka kupanda mboga zangu za chinsaga.

"Mboga zipo sokoni Daraja Mbili," akasema.

"Na nyasi je? Nyasi zimejaa mlima mzima, Nehemiah. Hata ng'ombe wamezichoka."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili asubuhi alichimba shimo, akatumbukiza mkebe wa mafuta ya Kimbo, akatandaza zulia lake juu ya nyasi za Mungu na kulipigilia misumari pembeni. Lilikaa kama kitanda ambacho watoto wamekirukia. Mpira ulikwenda kila mahali isipokuwa kwenye mkebe. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikimenya viazi, na siwezi kusema nilimwonea huruma.

Ndipo akatokea baba mkwe wangu, Mzee Manasseh Angwenyi, kutoka Nyamache, amebeba chane ya ndizi. Nilimwamkia kwa mbali, bila kumpa mkono. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana hamsogelei mkwewe. Tukishasalimiana, mengine yote hupitia kwa Nehemiah. Ndiyo heshima yetu na sina ugomvi nayo. Lakini kijijini mzee ana nyumba yake kando ya ile ya mwanawe, na hapa mjini hatukuwa na pa kumweka. Kwa miaka sita alikuwa akija, anakaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, anakula, kisha saa saba anatazama mawingu na kuaga. Mvua ya Kisii hunyesha saa nane, na hakutaka imkute mahali ambapo hana pa kuingia.

Mama mkwe alipofariki, Nehemiah alimsihi babake aje kwetu hata kwa wiki moja, asikae peke yake. Alijibu kwamba atakuwa anakuja kutusalimia. Jibu hilo lilimuuma mume wangu mno, nami niliumia kumtazama.

Mzee aliweka ndizi chini, akalitazama zulia.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi, tata."

"Na nyasi za chini uliondoa?"

"Hapana."

"Zitaoza. Utakuwa na mashimo kila mahali." Akavua koti. "Ng'oa misumari. Mimi naenda kwa Nyangau kuazima koleo."

Nilikuwa nimesahau, na nadhani Nehemiah alipenda kusahau, kwamba mzee huyu alitunza nyasi za klabu ileile kwa miaka kumi na tisa, enzi za Wazungu. Nehemiah alisomeshwa na nyasi.

Alikawia kidogo kwa jirani, kisha akarudi na koleo na kazi ikaanza. Walikwangua nyasi zote mpaka udongo mwekundu, wakaleta udongo wa kichuguu kutoka chini ya ua, wakauchanganya na mchanga na maji. Mume wangu, karani mkubwa wa serikali, alipiga magoti kwenye tope, babake amesimama juu yake akimwonyesha kwa kidole. Mimi nilijikaza ninyamaze, lakini kusiriba sakafu ni kazi ya wanawake na nimeifanya tangu utotoni.

"Nehemiah," nikaita, "mwambie tata maji yamezidi. Itapasuka."

Nehemiah, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, akamwambia.

"Mwambie mama Nyanchera ni kweli," mzee akasema, akinitaja kwa jina la mtoto wetu, akaongeza udongo.

Waliushindilia kwa gogo. Mzee alilaza chupa yenye maji nusu juu ya udongo, akatazama maji yamelalia wapi, akaongeza konzi hapa, akapunguza pale. Alitaka mteremko mdogo tu kuelekea migombani. Saa saba ilipita wakiwa wanatandaza zulia upya. Walikula ugali wa wimbi haraka haraka, na kwa mara ya kwanza mzee hakutazama mawingu.

Saa nane mvua ikaja. Nehemiah alikuwa ndani akinawa. Alipochungulia dirishani alimwona babake amesimama chini ya upenu, mgongo ukutani, viatu vinarushiwa maji. Akaacha sabuni, akatoka, akasimama kando yake. Maji yalipita juu ya zulia na kuteremka migombani bila kutuama.

"Yanaenda," mzee akasema.

"Yanaenda, tata."

Mvua ilipokatika, Nehemiah alimpa fimbo ya gofu. Mzee aliipokea, akapangusa kichwa cha fimbo kwa pindo la shati, upande huu na upande ule, kisha akamrudishia. Nehemiah hakuipokea.

"Piga wewe."

Miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mzee aliinama, akapiga. Mpira ukapita kando ya mkebe kwa upana wa kidole. Akapiga tena, akakosa tena.

"Nikupeleke stendi?" Nehemiah akauliza, kama alivyouliza kila mara.

Mzee alikuwa bado anatazama mkebe. "Nyangau ana kitanda. Tuliongea nilipokwenda kuchukua koleo. Kesho nitapiga tena."

Nikatokeza mlangoni.

"Nehemiah," nikasema, "mwambie tata chai ya asubuhi itakuwa tayari saa kumi na mbili na nusu."

Nehemiah aligeukia migomba, akijipangusa macho kwa mkono wa shati. Mzee alingoja kidogo aambiwe, kisha akainama kuokota mpira.

"Nimesikia, mama Nyanchera," akanijibu mwenyewe.