Bundi wa Nyuma ya Jiko

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga alfajiri, nami nikakisikiliza mpaka maji yakakaribia kwisha. Tangu tumzike mume wangu Yopi ndivyo nilivyokuwa: nasikia, siinuki.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya mapalus. Kwetu Minahasa majirani hufanya kazi ya mmoja leo, ya mwingine kesho. Mwanangu Rudi alikuwa amepiga simu kutoka mjini Manado: mti mkavu ulioliinamia jiko ukatwe, la sivyo anakuja kunihamisha. Nilimjibu sawa. Lolote angesema, ningejibu sawa.

Jirani yangu Wensi alipanda mtini na kamba. Akakaa huko juu kimya.

"Umelala, au umepata mke?" mkewe Altje akamwuliza kutoka chini.

"Kuna mtoto," akajibu.

Ndani ya tundu la shina, alitueleza, hamkuwa na jani wala kijiti, unga wa mti uliooza tu, na juu yake kinda jeupe kama pamba. Mama yake alikuwa kwenye tawi la pembeni, mgongo rangi ya kutu, tumbo lenye madoa meupe, ametukodolea macho ya manjano. Ni manguni, bundi wetu mleta habari. Mtu haanzi safari kabla ya kumsikia.

Wensi akashuka. "Sema wewe, Oma," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi. "Mti ni wako."

"Mzee wangu alikuwa akimsalimu bundi huyu jioni," nikajibu.

Hakuna aliyenihimiza. Altje akalizunguka jiko, akaipiga nguzo teke. "Hili si limeshikwa na vigingi tu? Mti hauhami. Jiko linahama."

"Na wewe utabeba nini?" Wensi akamwuliza.

"Midomo yenu. Ndiyo mizito."

Majirani wakang'oa vigingi, wakabeba ubao mmoja mmoja. Jioni jiko lilikuwa limesimama upande wa pili wa nyumba. Altje alitundika kofia ya Yopi karibu na mlango wa jiko, palepale ilipozoea kukaa, bila kuniuliza. Nikamsikia Wensi akiongea na Rudi kwenye simu: "Mti ukianguka utaponda pilipili tu. Mwache mama kwake."

Nilikuwa sijawapa hata maji. Walipofika barabarani nikajikuta nimesimama ngazini.

"Altje," nikaita. "Mje tena. Hata kama hakuna kazi."