Jicho Moja, Mara Mbili

Bi Kafedha alitia kidole kwenye kofia, kikatokea upande wa pili.

"Lahaula! Matano, mtoto huyu unamvika au unamvua?"

Sikucheka. Mkunga yule hakuishiwa mzaha hata penye msiba, na siku ile msiba ulikuwa umeshaingia ndani, umeketi. Binti yangu alizaliwa alfajiri, miezi miwili kabla ya wakati wake, mdogo kama kiatu. Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, mvua haikatiki Timbwani. Njia ya kwenda feri imekuwa mto, na kila leso nyumbani ni mbichi. Mke wangu Mwanasaumu alikuwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, mikono yote miwili imemfunika. Mwili ulipata joto. Kichwa kilikuwa baridi.

"Joto linamtokea kichwani," alikuwa amesema Bi Kafedha. "Msipokifunika kwa sufu, jioni hamnaye."

Sufu ilikuwepo. Mwanasaumu alijifunza kufuma kwenye chama cha wanawake, nami nikamcheka: sweta za nini Likoni? Sasa hawezi kumwachia mtoto, na Bi Kafedha hajui kufuma. Ikabaki mikono yangu, ya mshona nyavu aliyeacha shule darasa la tatu.

Mke wangu aliponieleza, nilijidai nimeelewa. Kofia huanza utosini kwa macho machache, vile vitanzi vya uzi sindanoni, kisha unaongeza, inapanuka. Kumbe ni kimia! Wavu huo wa kurusha nao huanza vivyo hivyo. Basi kila penye kuongeza nikazungusha uzi juu ya sindano, nikapata jicho jipya. Hesabu ilitimia. Lakini kila jicho jipya liliacha tundu, na mimi tangu utotoni sikuwahi kuona ubaya wa tundu.

"Ifumue," alisema Mwanasaumu.

"Yote? Saa sita hii!"

"Yote, bwana."

Niliitazama midomo ya mtoto. Imeanza kuwa rangi ya zambarau. Nikavuta uzi, na kazi ya asubuhi nzima ikamwagika mapajani mwangu.

"Usizungushe. Jicho moja, lifume mara mbili. Mbele, usilitoe sindanoni. Sasa nyuma. Haya, litoe."

Jicho moja likazaa mawili, yameshikana, hapana pengo. Mwanasaumu alinihesabia kwa sauti. Kila aliponyamaza nilijua anasikiliza pumzi za mtoto, nami nikasimamisha sindano mpaka ahesabu tena.

Ilipoadhiniwa alasiri nilikuwa nashona ubavu wa kofia. Bi Kafedha alitia kidole. Hakikupita. Akamvika mtoto, akaweka kiganja juu ya kofia, akakiacha hapo.

"Kapike uji," akaniambia mwishowe. "Mama yake ana njaa."

Mpaka leo wavuvi hunilalamikia kwamba vimia vyangu vimebana utosini. Wiki iliyopita Dhahabu, ndilo jina tulilompa, alikuja na wanawe. Akakiona kimia kipya mapajani mwangu, akatia kidole.

"Baba," akasema, "samaki hawasikii baridi."