Kidonge cha Kunenepesha

Mume wangu Mugeta ananunua ng'ombe minadani na kuwauzia wenye bucha hapa Musoma, na kama wanaume wote wa kazi hiyo, anaamini kwamba kilichonona ndicho kizima. Atamzunguka dume mara mbili, atambonyeza nundu, atampapasa mbavu, kisha atakuambia umri wake na tabia za mama yake. Hilo simnyimi, analijua. Shida ni kwamba watu nao anawatazama hivyo hivyo. Padri mpya akihamia parokiani, mume wangu anarudi nyumbani Makoko na taarifa ya shingo yake.

Kwa hiyo kisukari kilipomshika hakuogopa upofu, wala hakuogopa kukatwa mguu. Aliogopa kukonda.

Kliniki walimwanzishia metformini, vidonge vikubwa vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wiki za mwanzo tumbo lilimwendesha, chakula kikamchosha, mashavu yakaanza kuingia ndani. Sukari ilishuka, ingawa haikushuka vya kutosha. Mimi nikaona mtu ameanza kupona. Yeye akaona mkanda unataka tundu jipya.

Ndipo ukaja mnada wa Bunda. Siku za mnada mimi hupanda lori lake na magunia yangu ya dagaa wa soko la Mwigobero, natandika turubai karibu na mazizi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Silasi, dalali mwenye tumbo lililomtangulia hatua nzima, alimtazama mume wangu juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mugeta, si ulikuwaga mwanaume wewe? Nani anakula nyama zako?"

Wakacheka. Halafu wakamtajia bei za juu za matusi, kwa sababu kwao aliyekonda ana shida, na mwenye shida habishi. Wazee wazima, wajukuu wamewajaa nyumbani, wanapima thamani ya mwenzao kwa unene wa shingo. Sijaona watu wanaojua kidogo kwa uhakika mkubwa namna ile.

Butiama kulikuwa kubaya zaidi. Tulikwenda kuanua matanga ya shangazi yake, na mdogo wake Mseti akamkalisha pembeni kwa upole wa kinafiki.

"Kaka, sisi damu moja. Kama ni ule ugonjwa, wewe sema tu. Siku hizi watu wanaishi nao."

"Ni sukari," mume wangu akasema.

Mseti akatikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto anayesingizia paka, kisha akauliza kama mipaka ya shamba la baba yao iliwahi kuandikwa mahali. Mseti huyo hajapanda hata shina moja la muhogo katika shamba hilo. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kungoja watu wafe.

Njia nzima ya kurudi mume wangu alikuwa akijipapasa mashavu. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini huruma yangu haikufika hata Bweri, tunapoingilia mjini.

Jumanne iliyofuata tulikuwa kliniki. Daktari alitazama vipimo, akasema dawa moja haitoshi, ataongeza ya pili. Alieleza vizuri kabisa, polepole, kwa maneno ambayo hata mbuzi angeyashika. Mwili wa mzee bado una insulini, alisema, ila umeacha kuisikia. Kidonge cheupe kinalituliza ini lisimwage sukari ovyo. Hiki kidogo, pioglitazoni, kinaifanya misuli na mafuta ya mwilini viisikie tena insulini. Viende pamoja, kila kimoja na kazi yake.

"Hiki kidogo kinaweza kukuongezea kilo," akasema.

Mume wangu akainua kichwa. "Kinanenepesha?"

"Kidogo. Lakini nisikilize, mzee. Uzito ukipanda haraka, miguu ikivimba, ukaanza kuhema, unakiacha na unakuja siku hiyo hiyo. Hayo yatakuwa maji, na moyo utakuwa unazidiwa. Hilo linaua."

Nilikuwa nimekaa pale, nikasikia yote. Mume wangu alisikia neno moja.

Haikupita wiki mbili nikakuta vidonge vyeupe vimejazwa kwenye kopo la kahawa nyuma ya redio. Vile vidogo akawa anameza viwili, halafu vitatu, anaongezea vya kununua duka la dawa huko Bunda. Nilimuuliza. Alinijibu kwa uvumilivu mkubwa, kama mwalimu mkuu.

"Mama Gloria, wewe unauzaga dagaa. Sasa mimi nikuulize. Ng'ombe mmoja, unampa dawa ya kumnonesha na dawa ya kumkondesha siku moja. Hapo umefanya nini?"

"Wewe si ng'ombe."

"Mwili ni mwili," akasema, na akacheka.

Nilimwambia mara tatu. Nilimrudia maneno ya daktari, ini, misuli, moyo, yote. Mara ya tatu aliniambia nirudi kwenye magunia yangu. Basi nikarudi. Nilimdharau. Nilifika mahali pa kuona kwamba kubishana naye ni kujishusha, nikafunga mdomo, nikawa namtazama anavyomeza kama unavyomtazama mlevi akivuka barabara.

Na alinenepa, kwa nini nidanganye. Uso ukajaa, shingo ikarudi, shati la Jumapili likaanza kulia kwenye vifungo. Bunda, Silasi yule yule alimpokea kwa mikono miwili akamwita mkubwa, na bei zikashuka siku hiyo hiyo. Butiama walimchinjia mbuzi. Mseti mwenyewe alimletea bakuli la supu akiwa ameinama, akasema, "Kaka, kumbe ulikuwa uchovu tu," na shamba la baba yao likawa halina mipaka tena. Wanawake walipiga vigelegele. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mbele akipokea pongezi kwa ajili ya mashavu.

Mchana ule alilala kitini baada ya kula. Suruali ilikuwa imepanda, na soksi imemkata mguu kama uzi uliokaza furushi. Nikaweka kidole gumba kwenye muundi wake, nikabonyeza, nikaachia. Shimo likabaki. Nikahesabu mpaka ishirini na shimo bado lipo. Nilijua ni nini. Nikamvutia kanga miguuni, nikaenda kuosha vyombo na wanawake wenzangu walioolewa katika ukoo ule wa wapumbavu.

Kliniki tena, nesi Dorah akampandisha kwenye mizani. Ameongeza kilo tisa. Sukari, badala ya kushuka, ilikuwa imepanda mpaka kumi na sita. Dorah ni binti mdogo lakini si wa kuchezea. Alitazama mizani, akatazama karatasi, akamtazama yeye.

"Mzee, dawa unakunywa zote mbili?"

"Zote."

Akanigeukia. "Mama, anakunywa zote?"

Mume wangu alinitazama. Benchi zima lilikuwa linasikiliza, watu wa Makoko, watu wa Nyegina, na mwanamke mmoja wa kwaya yetu ambaye habari haikai tumboni mwake hata usiku mmoja. Ningeweza kusema, na nisingepata hasara yoyote. Alikuwa mbele ya watu pekee ambao angewasikiliza. Lakini moyoni nilisema, mwache, ajionee mwenyewe, ajue nani kati yetu ana akili.

"Zote," nikasema.

Dorah alimwomba apandishe suruali aone miguu. Mzee akasimama, akasema lori linamngoja. Dorah akaandika kwenye daftari kwa hasira, akamwambia arudi Ijumaa bila kukosa amwone daktari. Ijumaa tulikuwa Bunda, mnadani.

Alianza kumzunguka dume mwekundu kutoka Serengeti. Hakumaliza mzunguko wa kwanza. Aliegemea ubavu wa yule mnyama kana kwamba anampima, lakini mimi nilikuwa naona kutoka kwenye turubai langu kwamba hapimi kitu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alivuta hewa kwa mabega, na kila alipovuta ilisikika kama maji yanayochemka ndani ya chupa. Dume alisogea, na mume wangu akakaa chini kwenye mavi.

"Mwacheni apumzike," Silasi akasema. "Mzee kashiba huyo."

Niliwatukana wote. Nilitumia maneno ambayo sikuwahi kuyatoa mdomoni tangu nibatizwe, na ndipo wakaacha kucheka wakambeba. Hakuweza kulala, tulimkalisha wima kwenye kibanda cha lori, nikamshika shingo ile nene mpaka mlango wa hospitali yetu ya Musoma, ile ile yenye kliniki.

Walimwekea hewa puani, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Siku sita. Katika siku sita alitoa kilo kumi na moja. Unene wote ule ambao Silasi aliupokea kwa mikono miwili, ambao Mseti aliuchinjia mbuzi, ulipita kwenye mpira wa mkojo ukaingia kwenye mfuko uliofungwa kando ya kitanda, na kila asubuhi mhudumu aliubeba kwenda kuumwaga chooni. Nilicheka mwenyewe mara moja nikiutazama, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani nimechanganyikiwa.

Alichobakiza ni mifupa na ngozi iliyolegea. Daktari alisema moyo umeumia. Kile kidonge kidogo asikiguse tena maisha yake yote, na kuna mambo mengine hataweza tena, kupakia ng'ombe ni mojawapo. Kwa sasa atatumia insulini ya sindano, kila siku.

Siku ya saba Mseti alikuja kutoka Butiama na ndugu wengine wawili. Walisimama miguuni pa kitanda wakamtazama. Mume wangu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, mchana, katika joto lile. Mseti hakuuliza hali. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, sisi tulimwacha mtu mzima hapa. Nani alikuwa anamwangalia?"

Wale wawili nao wakanigeukia. Ukoo ule ukishapata mtu wa kulaumu, haumwachii, na mtu mwenyewe huwa ni mwanamke aliyeolewa humo. Dorah naye alikuwa ameingia na trei ya sindano. Alikuwa ametumwa wodini wiki ile, na hakuwa amenisahau.

"Hata mimi nilimuuliza mama," akasema. "Nilimuuliza mbele ya watu."

Mume wangu akatoa mkono kwenye blanketi.

"Mke wangu alikuwa hajui," akasema. Ilimchukua pumzi tatu kuimaliza sentensi hiyo. "Nilikuwaga namficha. Muacheni."

Sikutegemea. Mtu ambaye kwa miezi nilimwona hana akili ya kuku alikuwa ameona kabla yangu ndugu zake wanatafuta nini, akajiweka mbele yangu kwa pumzi ile kidogo aliyokuwa nayo. Mimi nilipokuwa na pumzi zote, pale kliniki, sikujiweka mbele yake. Dharau yangu yote niliyompikia ilinigeukia, na nilistahili. Ningeweza kunyamaza tena. Nimezoea.

"Nilijua," nikasema. "Anadanganya. Niliona vidonge kwenye kopo, nilibonyeza mguu wake Butiama nikaona shimo. Nesi aliponiuliza nikasema zote. Nilijua kila kitu."

Mseti akatoa sauti ya ushindi, na mmoja wa wale wawili akaanza kusema mambo ya kikao cha ukoo. Dorah hakuwatazama. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, na sikuona huruma usoni mwake, wala sikuitafuta.

"Nyumbani ni lazima awepo mtu wa kumchoma hii," akasema. "Mikono yake inatetemeka sana. Nilikuwa nikufundishe wewe. Sasa sijui. Mzee aseme mwenyewe kama anakutaka."

Mume wangu alikuwa amegeuza uso ukutani. Nikafikiri amelala, au hataki kuniona, na ningemwelewa.

Kisha akalisukuma blanketi chini kwa mkono mmoja. Akavuta shati juu mpaka kifuani, mbele ya Mseti, mbele ya wote, na tumbo lake likaonekana lilivyo, mbavu zinahesabika, ngozi imejikunja. Hakumtazama mtu. Alilishika shati pale juu, akangoja.

Dorah akanipa sindano. Nikaikusanya ngozi kwa vidole viwili kama alivyonielekeza, nikachoma.